Bosi anataka JIT (just-in-time, kutengeneza kwa wakati unaohitajika), malighafi inatoka Saudia, umeme unakatika: nianzie wapi?

*"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni supavaiza wa uzalishaji kwenye kiwanda cha madumu ya plastiki hapa Dar. Mashine yetu kubwa inatengeneza dumu la lita 20 na la lita 10. Tunapiga lita 20 siku nne, tunabadili moldi (umbo la chuma linalolipa dumu sura yake), tunapiga lita 10 siku mbili, na kubadili moldi kunakula masaa manne. Kasi ni madumu 60 kwa saa kwa lita 20 na 90 kwa lita 10, shifti mbili za masaa nane, siku sita. Wateja wanachukua kama 500 ya lita 20 na 300 ya lita 10 kwa siku. Umeme na mashine kuharibika vinatula masaa kumi hivi kwa wiki. Punje za HDPE (plastiki ya kutengenezea madumu) zinatoka Saudia, tunaagiza konteina tatu kwa mpigo, toka kulipa mpaka mzigo kuingia getini ni siku 35, mara nyingine 60. Tunatumia tani moja kwa siku pamoja na ile mashine ndogo ya chupa, na mzigo ukiingia stoo inafika tani 90. Vifuniko tunanunua kiwanda cha hapahapa mjini. Madumu matupu yamejaa mpaka kwenye korido. Sasa bosi katoka semina, anataka tuhamie JIT ndani ya miezi mitatu, stoo ipungue nusu, na kaniambia nisiagize punje mpaka zikaribie kuisha. Naogopa siku meli ikichelewa lawama zote zitakuwa zangu. Nianzie wapi?"*

Ndugu yangu, kwanza nikushukuru kwa kuandika na namba, maana wengi wananiuliza "JIT inafaa Afrika?" bila hata kusema wanatengeneza nini, na swali la hivyo halijibiki. Wewe umenipa kila kitu. Na nikisoma vizuri naona una wasiwasi wa aina mbili umeuchanganya: kuna wa malighafi kuisha na mashine kusimama, na kuna wa bosi kukuangushia jumba bovu. Nitayajibu yote mawili, ila naanza na la kwanza kwa sababu ukilipatia namba la pili linapungua lenyewe.

Bosi wako hajakosea kutaka JIT. Amekosea mlango wa kuingilia. Watu wengi wakisikia JIT wanaelewa "usiweke stoku", halafu wanakimbilia stoo ya malighafi kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye vitabu vya mhasibu. Lakini JIT asili yake ni kutengeneza kile kinachohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, wakati kinapohitajika. Stoku kupungua ni matokeo yake. Kila gunia na kila dumu lililokaa ndani ya kiwanda lipo pale kwa sababu fulani: moldi inachelewa kubadilika, sapulaya haaminiki, meli iko mbali, umeme unakatika, difekti ni nyingi. Ukiondoa stoku na sababu ukaiacha palepale, ile sababu inakurudia kama mashine iliyosimama na mteja anayepiga simu kila nusu saa. Kwa hiyo unaanza na sababu, stoku itakufuata.

Hata Toyota wenyewe, ambao ndio wenye mfumo huu, hawajawahi kuwa na stoku sifuri. Wazo la kila kitu kifike kwa wakati wake lilikuwa la Kiichiro Toyoda miaka ya 1930, halafu baada ya vita Taiichi Ohno akalifanya lifanye kazi kweli kwenye karakana, akiiga supamaketi za Marekani ambapo mteja anachukua kitu kwenye shelfu na kinachojazwa ni kile tu kilichochukuliwa. Wanavuta, hawasukumi. Ila angalia mazingira yao, sapulaya wao wengi wako jirani na viwanda, lori linakuja mara kadhaa kwa siku. Na bado yaliwakuta: tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin pale Kariya kiliungua, kile kilichokuwa kinawatengenezea kidude kidogo cha breki, na kwa kuwa Toyota walikuwa na akiba ya masaa machache tu, ndani ya siku chache karibu viwanda vyao vyote vya Japani vilisimama. Baada ya tetemeko la 2011 walienda mbali zaidi, wakawataka sapulaya wao washike akiba ya chipu za kielektroniki ya miezi miwili mpaka sita, kwa sababu chipu inachukua muda mrefu kutengenezwa na hainunuliki dukani. Ndiyo maana 2021 chipu zilipoadimika dunia nzima wao walihimili kwa muda kuliko wengi. Mwambie bosi hiyo habari, kwa heshima, maana ni hoja yako kubwa: waliobuni JIT wanaweka akiba ya miezi kwa kitu kinachotoka mbali na kisichotabirika. Punje zako za Saudia ndizo chipu zako.

Sasa tuangalie madumu yaliyojaa kwenye korido, kwa sababu kwangu mimi hapo ndo penye utajiri. Angalia mama ntilie anayejua kazi yake, anaweza kuwa na gunia zima la mchele ndani lakini hapiki leo wali wa kesho. Nyie mnafanya kinyume. Punje zikiwa kwenye gunia bado zina uhuru, unaweza kuzifanya lita 20, lita 10, chupa, rangi yoyote. Ukishazipuliza zikawa dumu, uhuru umeisha, na umenunua hewa ya lita ishirini ambayo unaitafutia sehemu ya kulala. Gunia la kilo 25 linalokaa kwenye kona ya paleti linageuka kuwa madumu ishirini na kitu yanayoziba mlango, yanaingia vumbi, foklifti inayagonga, na ukija kuyapeleka kwa mteja wa mafuta ya kula inabidi yasafishwe upya. Hesabu yaliyopo ndani leo, gawanya kwa 800 yanayotoka kwa siku. Kama yapo 8,000 basi dumu la leo litakaa siku kumi kabla halijatoka, na hela yake pia.

Kwanini mmefika huko? Sio uzembe. Ni yale masaa manne ya kubadili moldi. Mtu akijua kubadili ni mateso atapiga nyingi kwa mkupuo, ni akili ya kawaida. Hebu tupige hesabu ya wiki yako. Lita 20 ni madumu 3,000 kwa wiki, kwa kasi ya 60 ni masaa 50. Lita 10 ni 1,800, kwa kasi ya 90 ni masaa 20. Jumla 70. Una masaa 96 kwa wiki, umeme na uharibifu vinachukua 10, kwa hiyo yanabaki 16 ya kubadilishia moldi. Kwa masaa manne kila mara unaweza kubadili mara nne, na hapo huna hata dakika ya kupumua, nyie mnabadili mara mbili ndo maana mnapona. Lakini ukiishusha kuwa masaa mawili, unabadili mara sita kwa masaa 12, yaani kila saizi inapigwa mara tatu kwa wiki, na masaa manne yanabaki ya dharura. Ukifika saa moja, unabadili mara 12 kwa masaa hayohayo 12, yaani kila saizi inapigwa kila siku. Mkupuo wa lita 20 unatoka 3,000 unakuwa 500. Korido inafunguka yenyewe, hujamgusa sapulaya yeyote, hujacheza na bandari, hujahatarisha kitu.

Saa moja inawezekana? Mwaka 1969 Toyota walikuwa na presi (mashine ya kukandamiza bati) ya tani 1,000 iliyokuwa inachukua masaa manne kubadilisha, kama yako. Mhandisi Shigeo Shingo na wenzake waliishusha mpaka dakika 90, halafu baadaye dakika tatu. Sikuahidi dakika tatu. Nakuahidi kwamba kwenye masaa yako manne sehemu kubwa siyo kazi ya moldi, ni kutafuta na kusubiri. Kaa pembeni na simu, rekodi video zoezi zima mara moja, halafu itazame na mafundi wako (waambie mapema kwamba hutafuti wa kumlaumu, la sivyo watafanya kazi kwa maigizo). Utaona mashine imezimwa ndo mtu anaenda stoo kufuata moldi. Kreni inatumika sehemu nyingine. Spana namba fulani haipo. Bolti ni ndefu kuliko inavyotakiwa, mtu anazungusha mizunguko kumi na mbili wakati inayokaza kweli ni miwili ya mwisho. Hosi za maji ya kupozea zimefungwa kwa klipu na waya badala ya viunganishi vya kuchomeka na kuchomoa.

Kila kinachoweza kufanyika mashine ikiwa bado inapiga kazi kifanyike muda huo: moldi iwe imeshasafishwa, imesogezwa kwa toroli mpaka ubavuni mwa mashine, bolti na hosi ziko kwenye trei moja. Halafu kuna kitu watu wanasahau, moldi ikishafungwa, muda mwingi unaenda kwenye majaribio, dumu la kwanza jembamba pembeni, la pili lina makunyanzi, fundi anageuza vitasa kwa kubahatisha mpaka litoke zuri. Tengeneza kadi ya kila moldi, andika joto la kila sehemu ya silinda, presha ya hewa, muda wa kupoza, mpangilio wa unene wa ukuta, uzito wa dumu zuri. Fundi aanzie hapo. Na mpangilio wa rangi uwe kutoka nyepesi kwenda nzito, nyeupe, njano, bluu, ndo nyeusi, maana kurudi kutoka nyeusi kwenda nyeupe utamwaga malighafi mpaka ulie.

Faida nyingine ya mkupuo mdogo, na hii bosi hajaambiwa kwenye semina, ni difekti. Dumu la lita 20 likiwa na udhaifu kwenye pembe ya chini linaweza kupita macho ya kila mtu, linagundulika siku mteja amejaza mafuta na kulipanga chini ya mengine matatu. Kama ulipiga 3,000 kabla ya kugundua, zote zinaenda krasha, mashine ya kusaga plastiki. Ukipiga 500 na yale ya juzi yakatoka leo, kosa linaonekana mapema na fundi bado anakumbuka alichofanya.

Ukishashusha muda wa kubadili, ndo unaleta kadi, yaani ishara ya kuruhusu kutengeneza au kuagiza tena, na kwa madumu ishara hiyo ni mraba. Chora mraba wa rangi sakafuni kwa kila saizi, mraba ukijaa mashine haipigi tena saizi hiyo, nukta. Hapa utapata upinzani, na nakuonya mapema, kwa sababu mashine iliyosimama inamuuma kila mtu. Kama wafanyakazi wanalipwa bonasi kwa idadi ya vipande kwa shifti, JIT yako imekufa kabla haijazaliwa, watapiga tu hata kama hakuna pa kuweka, na mimi nisingewalaumu, ndicho mnachowalipa wafanye. Badilisheni bonasi ifuate madumu mazuri yaliyotoka kwa wakati kulingana na oda. Hilo ni la bosi, sio lako, mpelekee mapema.

Siku za mwanzo mraba uwe na nafasi ya siku mbili mpaka tatu za mauzo, sio masaa. Umeme wako unakatika, na unajua mwenyewe ukikatika plastiki inaganda kwenye silinda, ukirudi unasubiri joto lipande upya, kwa hiyo katizo la nusu saa linakula zaidi ya nusu saa. Hiyo stoku ya siku mbili ni bima yako, usiionee aibu. Mkishazoea ipunguze kidogokidogo, na kila ukipunguza angalia nini kinauma, hicho ndo cha kurekebisha kinachofuata.

Vifuniko vinafaa kadi tangu siku ya kwanza kwa sababu sapulaya yupo mjini. Kama mdomo wa madumu yote ni saizi moja unatumia vifuniko 800 kwa siku. Tuseme ukimwagiza leo analeta baada ya siku mbili, weka nyongeza ya nusu kwa ajili ya foleni na mengineyo: 800 mara 2 mara moja na nusu ni 2,400. Boksi likiwa na vifuniko 200, ni maboksi 12, kadi 12. Boksi likifunguliwa kadi yake inatolewa inaenda kwenye kisanduku, jioni unampigia picha za kadi zilizopo, analeta hizohizo. Hamna kadi, hamna mzigo. Ila usimgeuze sapulaya kuwa stoo yako ya bure. Viwanda vingi vinaita JIT wakati wamemsukumia mwenzao mzigo na bado wanamlipa baada ya siku 90. Ukitaka akuletee kidogokidogo kwa uaminifu, mpe ratiba ya wiki inayofuata na umlipe kwa wakati.

Turudi kwenye punje, kwenye hofu yako. Lile agizo la "usiagize mpaka zikaribie kuisha" ukilifuata mtasimama, sio labda, mtasimama, kwa sababu ukiagiza zikiwa zimebaki za wiki moja mzigo unafika baada ya wiki tano kama bahati ipo upande wako. Na bahari ina mambo yake, mmeona wenyewe tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilivyoikimbia Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, ratiba za makontena zikavurugika mpaka kwenye njia ambazo hazikuhusika moja kwa moja.

Lakini pia tani 90 ni nyingi, bosi ana haki hapo. Tatizo ni kuagiza konteina tatu kwa mpigo. Konteina moja ya futi 40 inabeba kama tani 25, ambazo kwako ni siku 25 za kazi, yaani mwezi. Siku zako 60 za kalenda ni kama siku 51 za kazi, siku 35 ni kama 30. Sasa weka sheria hii: jumla ya punje zilizo stoo na zilizo njiani ikishuka kufika tani 56, agiza konteina moja. Tani 51 ni za kukuvusha ikichelewa kabisa, tano ni za moyo kutulia. Mzigo ukiwahi, utakukuta na tani 26, stoo itapanda mpaka 51. Ukichelewa mpaka mwisho, utakukuta na tano. Kwa hiyo kilele cha stoo kinatoka 90 kinakuwa 51, inakaribia ile nusu aliyoitaka, na hujacheza kamari. Ona pia kwamba kinachokufanya ushike akiba kubwa sio siku 35, ni kile kiasi cha kutotabirika kati ya 35 na 60. Fuatilia hizo siku 25 zinapotelea wapi, ni malipo ya benki yanachelewa, ni nyaraka zinakuja na makosa, ni meli, au mzigo unakaa bandarini unakula gharama za kuchelewa kuutoa? Ukizibana zikawa 10, akiba yako inashuka kwa zaidi ya tani kumi bila ugomvi na mtu.

Ina gharama, nisikufiche. Utapoteza punguzo la kununua konteina tatu, na gharama za kutoa mzigo bandarini utazilipa mara tatu badala ya moja. Kaa na mhasibu, linganisheni hizo na riba ya hela iliyolala kwenye tani 40. Kama punguzo ni kubwa sana inawezekana konteina mbili zikawa ndo sahihi kwenu. Muulize na wakala wenu wa forodha kuhusu kuweka mzigo kwenye ghala la dhamana (unakokaa kabla ya kulipiwa ushuru) na kuutoa kidogokidogo. Na jua mapema muuzaji yupi hapa Dar ana HDPE ya daraja lenu, bei yake itakuwa juu, lakini siku ya shida utamhitaji, na jaribuni gunia zake kabla ya siku hiyo kwa sababu daraja tofauti inabadilisha mpangilio mzima wa mashine.

Kuhusu lawama, usibishane kwa mdomo. Andika ukurasa mmoja, weka hesabu ya masaa 16, weka ile sheria ya tani 56, mwambie mwezi wa kwanza na wa pili ni wa moldi, wa tatu ni wa kadi na madumu, na punje zinaanza kuagizwa konteina moja moja kuanzia oda ijayo. Asaini. Miezi mitatu inatosha kuona korido ikiwa wazi. Haitoshi kuwa Toyota, na hilo aliseme yeye kwa wafanyakazi ili presha isishuke yote kwako.

Kuna sehemu maandishi yangu hayatoshi. Moldi za lita 20 ni nzito, na haraka ya kubadili isije ikawafanya watu wapite chini ya mzigo unaoning'inia au wafungue kinga za mashine ikiwa bado ina hewa ya presha. Kabla hujaanza zoezi kreni na minyororo vikaguliwe na mkaguzi anayetambuliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, sio kwa kuangalia tu kwa macho. Kama vichwa vya mashine vinahitaji kubadilishwa pamoja na moldi, mwite fundi wa kampuni iliyowauzia mashine akae na mafundi wako mabadiliko mawili matatu. Na kwa kazi yote hii ya sakafuni, Wizara ya Viwanda na Biashara ina kitengo cha Kaizen (maboresho ya kidogokidogo kazini) kilichojengwa kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, wana watu wanaokuja kiwandani kabisa na kutembea na nyie. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao waulizeni. Waiteni mkiwa mmesharekodi ile video ya kubadili moldi, mtaokoa ziara nzima ya kwanza.